Mchana Uingie, Usiku Ukae: Kupanga Mwanga wa Nyumba Kericho na Bomet

Bonasi ya majani chai ikishalipwa mwezi wa Oktoba, si rahisi kumpata fundi kuanzia Litein hadi Mogogosiek. Watu huezeka mabati mapya, hupachika dari ya jipsam, na sebule hupata taa nyingi kuliko ilizowahi kuwa nazo: balbu kubwa nyeupe katikati, vitaa vya duara kuzunguka dari, na utepe wa LED unaobadilisha rangi juu ya televisheni. Mwongozo huu ni wa yule anayekusudia kutumia pesa hizo, au pesa nyingine zozote, kwenye mwanga wa nyumba yake. Hoja yake ni moja. Nyumba nyingi za ukanda wetu wa chai zina giza mchana na mwanga mkali usiku, ilhali mwili wa binadamu unataka kinyume cha hayo. Anayelala vibaya ndani ya nyumba ya namna hiyo anahitaji kwanza kuuingiza mchana ndani, kisha kuuacha usiku uwe usiku. Swali la balbu gani inunuliwe litakuja, lakini likitangulizwa, pesa huishia darini na usingizi haupatikani.

Jicho lina kazi mbili, na ya pili haikujulikana vizuri hadi juzi juzi. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Mwaka 2002 David Berson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli chache zinazohisi mwanga zenyewe, bila kutegemea zile tunazotumia kuonea. Seli hizo zina kemikali iitwayo melanopsini, nazo huamshwa zaidi na mwanga wa samawati, ule uliojaa tele kwenye anga la mchana na pia kwenye balbu nyeupe kali. Habari zake hufika kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, na saa hiyo ndiyo inayoamua homoni ya melatonini ianze kutolewa lini, joto la mwili lishuke lini, na usingizi uje lini. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Mfugaji wa kuku wa mayai hahitaji kushawishiwa sana kuhusu haya. Anajua kwamba kuku akiongezewa taa hadi mwanga wake ufike muda wa saa kumi na sita kwa siku huendelea kutaga, na kwamba taa zikiwashwa na kuzimwa ovyo, leo mapema na kesho kuchelewa, mayai hupungua. Mwili wa mwenye kuku nao hupangiwa siku yake na mwanga, ila kwake yeye hakuna anayehesabu saa.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Mshumaa mmoja ukiwa mita moja kutoka usoni hutoa laksi moja, na mbalamwezi haifiki hata nusu ya hiyo. Sebule yenye taa za kawaida usiku huwa na laksi mia moja hadi mia tatu hivi. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni maelfu, na jua la adhuhuri lisilo na wingu hufika laksi 100,000. Macho hayatuambii ukweli kuhusu tofauti hii kwa kuwa hujirekebisha upesi. Ndiyo maana mtu aliyeketi kutwa kwenye chumba chenye dirisha la kiganja hudhani amepata mchana wa kutosha. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali, Timothy Brown wa Chuo Kikuu cha Manchester akiwa mbele, lilichapisha mapendekezo katika jarida la PLOS Biology: mchana macho yapate angalau laksi 250, katika muda wa saa tatu kabla ya kulala yasipate zaidi ya laksi 10, na wakati wa kulala mwanga usizidi laksi 1. Laksi zao huhesabu nguvu ya mwanga ya kuamsha melanopsini, kwa hiyo balbu ya manjano na balbu nyeupe zinazoonekana kuwaka sawa hazina uzito sawa. Ya manjano hubeba takriban nusu tu ya uzito wa nyeupe. Hata ukilegeza hesabu hiyo, sebule iliyopambwa kwa taa za dari huvuka kiwango cha jioni mara kadhaa. Nini hutokea ikivukwa? Joshua Gooley na wenzake huko Boston waliwafuatilia watu 116, wakaripoti mwaka 2011 kwamba mwanga wa kawaida wa chumbani kabla ya kulala, usiofika hata laksi 200, ulifupisha muda wa melatonini mwilini kwa takriban dakika tisini ukilinganishwa na mwanga hafifu.

Tuanze na mchana basi, kwa sababu ndio wenye faida kubwa na ndio unaosahauliwa. Kericho na Bomet ziko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima, na kutua baada ya muda wa saa kumi na mbili na ushei. Hatuna majira ya baridi yenye usiku wa saa kumi na sita kama wenzetu wa Ulaya. Tulicho nacho ni mawingu ya mchana. Asubuhi mara nyingi huwa angavu. Adhuhuri ikipita mawingu hujikusanya, na kufikia saa tisa au saa kumi mvua inapiga mabati, pengine na mvua ya mawe ambayo Kericho inajulikana nayo duniani. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayechora ramani ya nyumba. Dirisha linalotazama mashariki litakupa jua karibu kila siku. Linalotazama magharibi litakupa mawingu na mvua ya kusukumwa na upepo. Weka upande wa mashariki vyumba ambavyo watu huamkia na kunywea chai ya asubuhi, yaani jikoni, mahali pa kulia, na chumba cha kulala ukiweza. Mwanga wa asubuhi una uzito wa pekee kwa sababu ndio unaoivuta saa ya mwili iende mapema, na mtu aliyeupata hupata usingizi mapema jioni. Katika utafiti wa Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado uliochapishwa mwaka 2013, watu wanane walipiga kambi milimani kwa wiki moja bila taa za umeme, na saa zao za mwili zikasogea mapema kwa takriban muda wa saa mbili. Ni watu wachache, ndiyo, lakini matokeo yalikuwa upande mmoja.

Nyumba iliyokwisha jengwa haigeuzwi kuelekea mashariki, ila mengi yanawezekana. Dirisha lililopo linaweza kurefushwa kwenda juu, kwa kuwa sehemu ya juu ya dirisha ndiyo inayopeleka mwanga ndani zaidi. Mikaratusi na migrevilea iliyopandwa kukinga upepo ikatwe matawi ya chini upande wa mashariki. Dari lipakwe rangi nyeupe, na kuta rangi hafifu isiyong'aa. Ukuta wa kahawia au wa kijani kibichi, ambao fundi wa rangi hukusifia kwamba hauonyeshi uchafu, hunyonya sehemu kubwa ya mwanga ulioulipia. Kama jiko la kuni limo ndani ya nyumba, masizi yatafuta kazi yote ya rangi kwa msimu mmoja, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kulitenga au kulitilia dohani. Baadhi ya watu huweka kipande cha bati la plastiki linalopitisha mwanga juu ya jikoni au ukumbi. Ni wazo zuri, lakini mvua ya mawe ya huku huvunja plastiki nyembamba, na jua huifanya ikauke na kupasuka, kwa hiyo chagua iliyo nene au acha kabisa uongeze dirisha. Anayeishi kwenye nyumba ya kampuni, zile za laini ndani ya mashamba makubwa, hana ruhusa ya kutoboa ukuta. Kwake ushauri ni wa kuhamisha vitu: meza na kiti anachokalia zaidi visogezwe hadi karibu na dirisha au mlango, kabati lisizibe mwanga, pazia lifungwe kando kabisa mchana badala ya kuachwa likining'inia nusu. Mita moja au mbili kutoka dirishani hubadilisha laksi kwa kiasi ambacho balbu ya mchana haiwezi kufidia.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la kweli. Mchumaji wa majani chai aliyeshinda shambani tangu asubuhi, mgongoni kikapu, atasema kwamba yeye akifika kitandani hulala hata taa ikiwaka, na kwamba maneno haya ni ya watu wa ofisini. Kwa sehemu kubwa ana haki. Mwanga mwingi wa mchana humkinga mtu dhidi ya mwanga wa jioni. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba vijana waliokaa kwenye mwanga mkali kwa muda wa saa sita unusu mchana hawakupungukiwa na melatonini wala usingizi hata waliposoma kwenye tableti kwa muda wa saa mbili usiku. Lakini tazama ni nani wanaobaki nyumbani anapokwenda shambani. Kuna bibi ambaye miguu haimruhusu kutoka, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitalini, na jioni kuna mwanafunzi aliyeshinda darasani. Kuna pia karani, mwuza duka na fundi cherehani, ambao kazi zao ziko ndani. Nyumba hupangwa kwa ajili ya hao. Bibi huyo anayesinzia kitini saa nane mchana kisha akakesha usiku hana budi kutolewa nje asubuhi, barazani, blanketi magotini, kwa nusu saa au zaidi, kabla hajaanza kutafutiwa vidonge vya usingizi. Hiyo ni hatua ambayo haina gharama na ambayo ningependa kila familia iijaribu kwa wiki mbili.

Tukija jioni, jambo la kwanza la kubadilisha ni mahali taa ilipo. Fundi wa stima, usipomwambia lolote, atakuwekea taa moja katikati ya dari la kila chumba na swichi moja mlangoni, maana ndivyo alivyozoea. Taa hiyo humulika machoni moja kwa moja, na huna uchaguzi ila yote iwake au yote izime. Kabla plasta haijapigwa, mwombe aweke saketi mbili sebuleni: moja ya dari kwa ajili ya wageni, usafi na shughuli, nyingine ya taa mbili za ukutani zilizo chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, zikiwa na vifuniko vinavyoelekeza mwanga ukutani au chini. Chumbani aweke swichi ya pili karibu na kitanda, ili mtu asiache taa ikiwaka kwa uvivu wa kuamka. Nyaya na mabomba ya kuongeza hapo ni machache ukilinganisha na kuja kupasua ukuta baadaye. Hakikisha ni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Nyaya zilizounganishwa vibaya chini ya dari la mbao na mabati ni hatari inayozidi kukosa usingizi. Kama nyumba imekwisha, taa ya mezani iliyochomekwa kwenye soketi hufanya kazi ile ile. Desturi ya kufuata ni rahisi: chakula cha jioni kikishaliwa, taa ya dari izimwe, za ukutani zibaki.

Sasa ndipo balbu inapokuja. Angalia namba iliyoandikwa kwenye boksi na herufi K mbele yake. Balbu nyingi katika maduka ya mjini Kericho au Silibwet ni za 6500K, nyeupe yenye samawati, na watu huzipenda kwa kuwa zinaonekana kuangaza zaidi kwa bei ile ile. Kwa sebule ya jioni na chumba cha kulala tafuta 2700K, au 3000K ikikosekana. Ile ya 6500K iache jikoni na mahali pa kazi za mchana. Lakini usidanganywe na rangi peke yake. Balbu ya manjano ya wati kumi na mbili iliyo uchi juu ya kichwa itakuathiri kuliko balbu nyeupe ya wati tatu iliyofichwa nyuma ya kiti. Chumba cha kulala hakihitaji zaidi ya LED ya wati tatu hadi tano, yenye lumeni mia nne au chini. Kuhusu utepe wa LED juu ya televisheni, ukishaununua uwashe rangi ya chungwa au nyekundu usiku na uache samawati na nyeupe. Hizo mbili ndizo saa ya mwili inazozichukulia kuwa ni mchana.

Atatokea mtu wa kusema kwamba babu zetu walilala mapema na kuamka na jogoo, kwa hiyo dawa ni kuzima kila kitu jua likitua. Ushahidi uliopo karibu nasi haumuungi mkono. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadza wa Tanzania pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Hawakulala jua lilipotua. Kwa wastani walilala zaidi ya saa tatu baadaye, na usiku wao wa usingizi ulikuwa wa kati ya saa 5.7 na 7.1. Jioni ya binadamu, basi, imekuwa na mazungumzo, chakula na moto tangu zamani, na hakuna sababu ya kuifuta. Tofauti iko kwenye aina ya mwanga uliowaka kwenye jioni hiyo. Moto wa kuni uko chini, ni mwekundu, na watu hukaa mbali nao kidogo. Utafiti huo huo uligundua pia kwamba usingizi wao ulikwenda pamoja na kushuka kwa joto la usiku, na hapo sisi wa mita elfu mbili juu ya bahari tumepewa bure kitu ambacho wenzetu wa Kisumu hukitafuta kwa feni. Kitu kimoja tusichopewa bure ni kikombe cha mwisho cha chai. Nchi inayolima chai huinywa hata saa tatu usiku, na kafeini huchukua takriban saa tano kupungua hadi nusu mwilini. Taa zote zikipangwa vizuri, kikombe hicho kitaendelea kukesha na mwenye nyumba.

Mzazi ana pingamizi zito zaidi: mtoto asome wapi? Mwanafunzi anahitaji kuona vizuri, na kumwambia asome gizani ili alale vyema ni kumtwisha mzigo mpya. Isitoshe macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko ya watu wazima. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Shigekazu Higuchi waliripoti mwaka 2014 kwamba mwanga ule ule ulipunguza melatonini ya watoto wa shule ya msingi karibu mara mbili ya ulivyopunguza ya watu wazima. Ufumbuzi ni kuumulika ukurasa badala ya kumulika chumba. Taa ya mezani yenye kifuniko, iwekwe upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga ukianguka kwenye daftari na balbu isionekane kabisa kutoka kitini. Kazi ya shule ianze mapema, wakati bado kuna mwanga wa dirishani. Siku ikiwa haina mvua, meza ya barazani saa kumi na moja jioni inashinda taa yoyote. Simu ndiyo ishughulikiwe kwa ukali zaidi, kwa sababu hushikwa karibu na uso. Televisheni iliyo mita tatu mbele yako wakati wa taarifa ya habari humfikishia mtu mwanga kidogo kuliko inavyodhaniwa, hasa ikipunguzwa ukali. Simu ilalie sebuleni kwenye chaja, na kama ndiyo saa ya kuamshia, ilazwe kifudifudi mbali na kitanda.

Chumba cha kulala kiwe na giza la kweli. Kipimo ni hiki: zima kila kitu, ngoja dakika chache, kisha nyoosha mkono, ukiweza kuhesabu vidole vyako bila shida, kuna mwanga wa kuzibwa. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, kundi la Phyllis Zee liliwalaza vijana ishirini, nusu yao kwenye mwanga wa laksi 100 kwa usiku mmoja, na likaripoti mwaka 2022 kwamba hao mapigo ya moyo yalipanda usingizini na asubuhi miili yao ilihitaji insulini zaidi. Na walikuwa wamefumba macho. Huku kwetu mwanga huo huwa umetoka nje, kwenye taa kali iliyofungwa juu ya mlango na kuachwa ikiwaka hadi alfajiri, ya kwako au ya jirani.

Na hapa hoja ya usalama haiwezi kupuuzwa. Watu wamewahi kuibiwa ng'ombe, majani yaliyochumwa na hata mbolea, na anayewaambia wazime taa zote hajui wanaishi vipi. Lakini taa kali inayomulika sambamba na macho huficha zaidi ya inavyoonyesha: mwenye nyumba akichungulia haoni kitu nyuma ya mng'ao wake, na mwizi hupata kivuli cheusi kando yake. Taa yenye kofia inayoelekeza mwanga chini, na yenye kihisio cha kuiwasha mtu anapopita, hulinda vizuri zaidi, kwa kuwa kuwaka kwake ghafla ndiko kunakoamsha mbwa na watu. Tazama pia kinachotokea usiku wa mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka: balbu nyeupe ya nje hufunikwa na mabawa ndani ya dakika chache, yakirundikana kizingitini na kuingia chini ya mlango, huku taa ya manjano upande wa pili wa nyumba ikiwa na wadudu wachache tu. Wadudu nao huvutwa na samawati. Ukiigeuza balbu ya nje kuwa ya manjano, umetatua mambo mawili kwa pesa ya moja.

Giza lisiwe sababu ya kuvunjika nyonga. Kadiri umri unavyosonga, lenzi ya jicho huwa ya manjano na kupitisha mwanga mdogo, kwa hiyo mzee anahitaji mwanga mwingi zaidi kuona ngazi ile ile. Weka kitaa kidogo cha rangi ya chungwa au nyekundu kwenye usawa wa goti, kando ya njia ya kutoka kitandani hadi msalani, na kama choo kiko nje, tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ikae mahali pamoja siku zote. Mama anayeamka kunyonyesha atumie kitaa hicho hicho badala ya taa ya dari; mtoto hurudi kulala upesi, na mama pia.

Familia inayotumia sola itakuta kwamba balbu zake, kama zile zinazokuja na vifaa vya kulipia kidogo kidogo kwa simu ambavyo M-KOPA ilianza kuviuza mwaka 2012, nyingi ni nyeupe na hazibadilishwi kirahisi. Zielekeze ukutani, zitundike chini, na utumie moja badala ya tatu kufikia saa mbili usiku. Betri nayo itafika asubuhi. Asitokee mtu wa kurudia koroboi kwa sababu amesoma kwamba mwanga wake ni wa manjano. Ni kweli mwanga huo hausumbui saa ya mwili, lakini moshi wake huumiza mapafu, miali yake imechoma watoto, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 limependekeza mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani.

Amebaki mtu ambaye karibu yote yaliyosemwa humgeukia: mfanyakazi wa zamu ya usiku kiwandani. Majani mabichi hayangoji. Yakifika jioni kutoka vituoni hunyaushwa, husagwa, huchachushwa na kukaushwa usiku kucha, na kuna watu wanaosimama kando ya mitambo hiyo hadi asubuhi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo yumkini husababisha saratani mwaka 2007, na likaurudia uamuzi huo mwaka 2019, kwa hiyo hili si suala la uchovu tu. Taa haziwezi kuondoa hatari hiyo. Zinaweza walau kupunguza uchovu. Mwanga mkali mweupe, ule tuliouondoa sebuleni, humfaa katika nusu ya kwanza ya zamu. Ifikapo saa tisa au saa kumi alfajiri, akae sehemu yenye mwanga hafifu kadiri usalama wa mitambo unavyoruhusu. Akitoka jua limeshachomoza, na mwanga huo utamwambia mwili kwamba siku imeanza. Miwani ya jua au kofia pana njiani husaidia, isipokuwa kwa anayeendesha pikipiki huku anasinzia. Huyo afadhali abebwe. Chumba chake kizibwe kabisa: nailoni nyeusi ya shambani ikipigiliwa kwenye fremu ya mbao inayoingia dirishani na kutolewa jioni ni ya bei nafuu na hufanya kazi kuliko pazia la duka. Alale mara anapofika, kabla ya kuketi barazani kuota jua. Siku ya mapumziko asirudi mzima mzima kwenye ratiba ya wenzake na kuigeuza tena kesho yake. Alale kuanzia karibu saa tisa usiku hadi adhuhuri, fremu ikiwa dirishani, ili saa chache za usingizi wake zibaki zile zile wiki nzima. Akishaamka, fremu itolewe mara moja, dirisha lifunguliwe, na chakula chake cha kwanza akile nje, kabla mvua ya saa tisa haijaanza.